Hiace Shark ya kambi inatetema kati ya 75 na 95: tairi, propela au dif?

Shark_ya_Kambi

Wadau, habari zenu. Gari ni Hiace Shark ya 2002, injini ya dizeli aina ya 5L, gia za mkono, chasi ndefu. Imegeuzwa nyumba ya safari: kitanda, makabati ya mbao, betri ya pili, na tangi la maji la lita 80 nyuma ya ekseli.

Mtetemo unaanza kwenye kilomita 75 kwa saa, unakolea kwenye 85, na nikipita 95 unafifia. Unasikika kwenye kiti na sakafuni, usukani umetulia kabisa. Nikiachia mafuta kwenye miteremko ya barabara ya juu ya Naivasha, unazidi. Tena gari linatikisika likiondoka kwa gia ya kwanza na mzigo kamili, lakini hilo linaisha baada ya mita chache.

Yaliyofanywa mpaka sasa: balansi ya magurudumu mara mbili, senta bearing (inayoshika propela katikati) mpya miezi miwili iliyopita, na springi za nyuma ziliongezwa jani moja baada ya makabati kuingia. Fundi mmoja anasema dif (gia za ekseli ya nyuma) imekwisha, mwingine anataka propela nzima (shafti ya kutoka giaboksi hadi dif) ya ex-Japan. Nianzie wapi kabla sijatoa pesa?

MamaSpana

Usinunue chochote bado. Kwanza tujue ni kitu gani kinachozunguka kwa kasi ya huo mtetemo. Gari hili lina vitu vitatu vinavyozunguka kwa kasi tofauti: gurudumu, propela na injini. Ukijua mtetemo unapiga mara ngapi kwa sekunde, thuluthi mbili za washukiwa wameondoka bila kufungua bolti hata moja.

Pima mzingo wa tairi. Weka alama ya chaki chini ya tairi na kwenye sakafu, sukuma gari mpaka alama irudi chini, pima kwa futi ya kamba. Tairi ya 195R15 iliyobeba mzigo inakuja karibu mita 2.15. Sasa chukua 85, gawanya kwa 3.6, upate mita 23.6 kwa sekunde. Gawanya kwa 2.15. Gurudumu linazunguka mara 11 kwa sekunde.

Kwa propela unahitaji uwiano wa dif yako, na usimwamini mtu anayekwambia kwa kichwa, kwa sababu hizi gari zimebadilishiwa dif sana. Gia iwe huru, zuia magurudumu ya mbele, inua gurudumu moja tu la nyuma, lile lingine likae chini. Zungusha gurudumu lililo juu mizunguko MIWILI kamili huku mtu anahesabu mizunguko ya propela. Hesabu hiyo ndiyo uwiano. Watu huzungusha mara moja, wanapata nusu, halafu wanabishana siku nzima. Tuseme umepata 4.1: basi kwenye 85 propela inazunguka mara 45 kwa sekunde.

Kwa hiyo:
- Mtetemo wa mara 11: tairi, rimu, drumu, habu au ekseli iliyopinda.
- Mara 45: propela imepinda, imepoteza balansi, au flanji ya pinioni (propela inapofungwa kwenye dif) inayumba.
- Mara 90, yaani mbili kwa kila mzunguko wa propela: krosi (viungo vya msalaba vinavyoiwezesha propela kukunjika) na pembe zake. Krosi iliyo kwenye pembe huharakisha na kuchelewesha shafti mara mbili kila mzunguko, hata ikiwa mpya.

Simu yako inaweza kupima. Weka phyphox, programu ya bure kutoka chuo cha RWTH Aachen, Ujerumani, na uchague kipimo cha spektra ya mchapuko. Bana simu kwa nguvu kwenye reli ya kiti au sakafuni, usiiache juu ya mto wala mkononi. Angalia inapima mara ngapi kwa sekunde. Simu inayopima mara 100 haiwezi kuona zaidi ya 50, na mbaya zaidi, mtetemo wa 90 itakuonyesha kama 10, utakimbilia tena balansi ya tairi. Unataka inayopima mara 200 au zaidi.

Pima ukiwa kwenye gia ya tano. Gia ya nne kwenye hizi giaboksi ni moja kwa moja: injini na propela zinazunguka sawasawa, huwezi kuzitenganisha.

Mteremko254

Naongeza majaribio mawili yasiyohitaji simu. Yafanye Southern Bypass Jumapili asubuhi kabla malori hayajaamka, na mwenzako asome namba, si wewe unayeendesha.

La kwanza: fika 95 kwenye tambarare, kanyaga klachi, toa gia, achia klachi, gari lishuke lenyewe mpaka 70. Injini iachwe inanguruma, USIIZIME, breki inategemea pampu ya vakyumu inayozungushwa na injini. Mtetemo ukirudi pale pale kwenye 85, injini na klachi hazina hatia. La pili: gari limesimama, pandisha injini taratibu kupita mizunguko ile ile inayokuwepo ukiwa 85. Ikitetema imesimama, angalia mauntini za injini na nozeli.

Lakini kwa dalili ulizotoa, mimi dau langu liko kwa propela. Usukani ungekuwa unacheza kama ni tairi za mbele.

Kabari_na_Nyundo

Usukani kutulia hakuziondoi tairi za NYUMA, Mteremko. Ndizo zinazosikika kwenye kiti.

Na balansi mara mbili haina maana kubwa kwenye gari la kambi. Hili hukaa wiki sita limesimama pale pale na mzigo wote, tairi inapata bapa. Mashine ya balansi inazungusha tairi hewani, haina mzigo, haioni bapa wala waya zilizoachana ndani. Inua gurudumu, weka kipande cha mbao milimita chache kutoka kwenye kashata (meno ya tairi), zungusha kwa mkono. Pengo likifunguka na kufunga zaidi ya milimita 1.5, tairi au rimu si duara. Soma pia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Uvimbe wowote ubavuni, hiyo tairi haiendi Naivasha.

Halafu chungulia nyuma ya rimu. Udongo mweusi wa Kitengela ukikaukia ndani upande mmoja ni kama umefunga jiwe. Kuosha kwa brashi ni bure.

MamaSpana

Kweli kabisa kuhusu tairi za nyuma. Ndiyo maana nasema apime kwanza: 11 ikitokea, tunafuata njia ya Kabari, isipotokea tunaachana na tairi moja kwa moja.

Grisi_Namba2

Twende chini ya gari, maana hata kabla ya vipimo kuna mambo ya kuangalia kwa macho. Gari kwenye sakafu ngumu, magurudumu ya mbele yamezuiwa pande zote mbili, gia huru, injini imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako.

Shika propela kwa mikono miwili karibu na kila krosi, jaribu kuipinda kama unakamua nguo, halafu isukume juu na chini. Mchezo wowote unaoonekana kwenye krosi ni wa kubadilisha. Kikombe cha krosi chenye unga mwekundu pembeni ni kutu ya sindano (vyuma vidogo vya bearing ndani ya kikombe) zilizokauka grisi. Uufute kwa kidole uone: unga wa kutu ni laini na unaacha doa la kahawia, vumbi la Magadi lina chembe na linapukutika. Sehemu nyingine kubwa ya kosa haionekani propela ikiwa imefungwa. Ukiitoa, pinda kila krosi taratibu kwa vidole. Ikinata katikati, kama ina kijishimo inapopenda kukaa, sindano zimechimba mhimili. Hiyo hutetema ingawa haina mchezo hata kidogo, na ndiyo mafundi wengi wanaipitisha.

Kabla ya kuitoa: piga alama za rangi kwenye flanji zote, kipande na mwenzake. Kwa kuwa senta bearing ilibadilishwa juzi, mimi hapo ndipo ningeanza. Ili kuibadilisha lazima propela itenganishwe. Ikirudishwa bila alama, uma za krosi (mikono ya propela inayoshika krosi) zinakaa vibaya. Lala chini uangalie: uma wa mbele na uma wa nyuma wa kipande kimoja lazima viwe kwenye mstari mmoja, kama macho mawili ya mtu. Zikipishana hata kwa meno mawili ya splaini, krosi ya nyuma badala ya kufuta kosa la ile ya mbele, inaliongeza.

Na senta bearing yenyewe: bearing iwe katikati ya mpira wake, mpira usivutwe mbele wala nyuma. Braketi ina nafasi ya kusogea. Ikifungwa huku mpira umevutwa, ndani ya miezi michache umepasuka.

Ukilazimika kubadilisha krosi, kaa hapo hapo fundi anapofunga. Vikombe visukumwe kwa vaisi na soketi, visipigwe nyundo. Kosa linalorudia kwenye gereji za Grogan na kwingineko ni sindano moja kuanguka na kulala chini ya kikombe. Kikombe hakifiki mwisho, klipu haiingii kwenye mfereji wake, na fundi anachukua faili aanze kuila klipu. Ukiona faili, simamisha kazi. Kikombe kitolewe, sindano isimamishwe na wenzake kwa grisi. Klipu za pande mbili ziwe na unene sawa, la sivyo krosi haikai katikati na umejitengenezea mtetemo mpya. Krosi yenye nipeli pampu grisi ya lithiamu namba 2 mpaka itoke kwenye vikombe VYOTE vinne.

Dif sidhani. Dif iliyokufa hulia kabla ya kutetema. Shika flanji ya pinioni, isukume juu-chini. Ikicheza hapo, ndipo tuzungumze kuhusu bearing za pinioni.

Kabari_na_Nyundo

Swali kwa mwenye gari: jani lilipoongezwa, waliweka kabari kati ya springi na ekseli? Na gari lilipanda kiasi gani?

Nauliza kwa sababu ya ile ya kuachia mafuta. Ukikanyaga mafuta ekseli inajinyonga na pua ya dif inapanda. Ukiachia, pua inashuka. Mtetemo unaozidi ukiachia unaniambia pua tayari iko chini kuliko inavyotakiwa.

Shark_ya_Kambi

Asanteni. Majibu:

Uwiano wa dif umehesabiwa mara tatu: 4.1. Simu inapima mara 400 kwa sekunde. Kwenye 85, gia ya tano: kwenye 11 hakuna kitu cha maana, kwenye 45 kuna kilima kidogo, kwenye 90 kuna mlima. Gia ikitolewa, mlima wa 90 unabaki pale pale. Gari limesimama na injini juu, kimya.

Uma za propela ziko kwenye mstari mmoja. Krosi hazichezi wala hazinati. Kabari ipo kila upande, chuma, na sehemu nene iko nyuma. Gari lilipanda karibu sentimita 5.

Kabari_na_Nyundo

90 na gia huru: ni pembe. Sasa pima pembe, na hapa ndipo watu huharibu. Gari likae juu ya magurudumu yake, na mzigo wake wa kawaida, tangi la maji limejaa. Tumia shimo la gereji au rampu inayobeba magurudumu. Ukiinua kwa jeki chini ya chasi, ekseli inaning'inia na kila namba utakayopata ni ya gari lingine. Hata likija suala la kuzungusha propela hewani, stendi ziwe chini ya EKSELI, na hakuna mtu chini wala karibu na shafti.

Kipima pembe cha sumaku kinatosha. Chukua namba nne, zote kwa mwelekeo ule ule, tuseme kiasi cha kuinama kuelekea nyuma: flanji ya giaboksi, kipande cha mbele, kipande cha nyuma, flanji ya dif. Flanji inasomwa kwenye uso wake wa wima, kwa hiyo punguza 90. Futa kutu na rangi kabla ya kubandika, gamba la tope linakudanganya digrii nzima.

Shark_ya_Kambi

Tangi limejaa, gari kwenye rampu:
Giaboksi 3.0
Kipande cha mbele 3.4
Kipande cha nyuma 6.0
Dif 0.9

MamaSpana

Hapo hapo. Pembe ya kila krosi ni tofauti ya namba mbili zinazokutana:

Krosi ya kwanza: 3.4 toa 3.0 = 0.4. Nzuri. Usitamani sifuri, sindano zisipotembea kabisa zinachimba sehemu moja.
Krosi ya kati: 6.0 toa 3.4 = 2.6. Inavumilika.
Krosi ya dif: 6.0 toa 0.9 = 5.1. Mgonjwa wako huyu.

Krosi ya kati na ya dif zinatakiwa zilingane, ili moja ifute kile ambacho nyingine imeharibu. Tofauti ikiwa ndani ya digrii moja hivi utaishi nayo. Wewe una 2.5, na kosa linakua kwa mraba wa pembe, kwa hiyo 5.1 dhidi ya 2.6 ni karibu mara nne, si mara mbili. Ni wazi kwa nini senta bearing mpya haikusaidia, na kwa nini propela ya ex-Japan ingetetema vile vile: ingefungwa kwenye pembe zile zile.

Kilima kidogo cha 45 ni balansi. Kiache kwa sasa.

Kabari_na_Nyundo

Na kabari imewekwa kinyume. Springi iko chini ya ekseli, sehemu nene ikiwa nyuma inainamisha pua ya dif. Aliyeiweka pengine aliona propela imeinama zaidi baada ya gari kupanda, akadhani dif nayo inamishwe. Inatakiwa pua iinuke, ielekee propela.

Pima kabari kwa kalipa kabla ya kukata shauri. Kama ina urefu wa milimita 100 na tofauti ya unene wa milimita 2 kati ya ncha mbili, hiyo ni digrii 1.15. Ukiigeuza unapata mara mbili yake, 2.3. Dif itasoma 3.2, krosi ya nyuma itakuwa 2.8. Dhidi ya 2.6 ya kati. Hutapata karibu zaidi ya hapo kwenye gari la umri huu.

Kazi yenyewe: jeki chini ya chasi na stendi, jeki nyingine inabeba ekseli. Fungua upande mmoja kwa wakati, usilegeze zote mbili ekseli ikatembea. Pini ya katikati ya springi lazima iingie kwenye tundu la kabari NA kwenye tundu la kiti cha ekseli. Ikikaa pembeni, ekseli inakaa mshazari. Yu-bolti zilizovutika au zenye nyuzi zilizochoka zitupwe. Nati zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo, na kukaza kwa mwisho kufanyike gari likiwa chini. Rudia kukaza baada ya kilomita 100 na tena baada ya safari ya kwanza ya barabara mbovu.

Mkiwa hapo, angalieni fimbo ya vali ya breki inayosoma mzigo, iliyounganishwa na ekseli. Gari likipandishwa sentimita 5, vali inadhani gari ni tupu na inainyima breki ya nyuma. Gari la kambi halijawahi kuwa tupu. Hilo mimi ningelishughulikia kabla ya mtetemo. Irekebishwe kwa kufuata kipimo cha kitabu cha gari, isikisiwe kwa macho.

Grisi_Namba2

Kuhusu kutikisika wakati wa kuondoka: ni ugonjwa mwingine, usiuchanganye na huu. Ondoka taratibu na usikilize mguu wako. Ukiisha mara tu pedali ya klachi inapoachiliwa kabisa, ni klachi au mauntini. Ukiendelea mpaka 30 hivi na pedali imeachiliwa, ni propela.

Mauntini ya giaboksi inapimwa hivi: hendibreki imekazwa, magurudumu yamezuiwa, mbele pako wazi, gia ya pili, achia klachi kidogo mpaka injini ianze kulemewa, kisha kanyaga tena. Mwenzako aangalie akiwa ubavuni. Giaboksi ikiruka kama inataka kutoka, mpira umeachana na chuma. Mpira uliolowa oili na kuvimba, hata usiupime.

Shark_ya_Kambi

Kabari zimegeuzwa Jumamosi. Zilikuwa milimita 2 kwa 98. Dif sasa inasoma 3.3 na tangi limejaa, 3.1 likiwa tupu. Mlima wa 90 umebaki kama kichuguu, kwenye mteremko kumetulia. Mauntini ya giaboksi ilikuwa imepasuka nusu, mpya imefungwa, kuondoka ni laini.

Kilichobaki ni mvumo mdogo wa 45, hasa kati ya 88 na 92. Nipeleke propela kwa balansi Industrial Area?

MamaSpana

Pima mpindo kwanza. Geji ya mshale katikati ya kila kipande, zungusha kwa mkono. Ikipita milimita 0.8, balansi ni kupaka rangi ukuta uliopasuka, inyooshwe au ibadilishwe. Ikiwa chini ya hapo, peleka, lakini peleka vipande vyote viwili vimeunganishwa pamoja na senta bearing, na alama zako za rangi zisifutwe. Anayebalansi kipande kimoja kimoja akakurudishia, kazi hiyo ni nusu.

Mteremko254

Au jaribu klipu mbili za hosi kabla ya kulipa. Funga moja karibu na mwisho wa nyuma wa propela, kichwa chake kikitazama alama ya chaki namba 1. Endesha. Hamisha namba 2, 3, 4, robo mzunguko kila mara. Ikipungua mahali fulani, ongeza ya pili papo hapo; ikizidi, tenganisha vichwa vya klipu kidogo kidogo pande zote mbili za alama.

MamaSpana

Kwa kutambua tu ni sawa. Usisafiri nazo mpaka Turkana.

Shark_ya_Kambi

Mpindo ni 0.3 mbele, 0.4 nyuma. Inaenda balansi Jumatano, imeunganishwa.

Grisi_Namba2

Waambie wasigonge vibati vya zamani vya balansi kabla hawajaizungusha kwanza kama ilivyo. Na ukiirudisha, flanji ziwe safi kama sahani. Chembe moja ya kutu kati ya flanji mbili inatosha kurudisha hizo 45 zote.